Jina Lililofunikwa kwa Wino

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Jumatano ya tarehe kumi na mbili Novemba, Shenaz Daya alifungua ghala la kumbukumbu za halmashauri huko Thamesmead, akawasha taa na kuanza kazi. Makabati ya ghala lile ni marefu, ya chuma, yaliyopangwa juu ya reli. Ukizungusha gurudumu la pembeni, kabati husogea na njia ya kupita hufunguka. Asubuhi ile gurudumu la safu ya kumi na moja lilikataa. Shenaz akainama kuchungulia, akidhani kuna boksi limeanguka. Akaona kiatu cha kike, na ndani ya kiatu mguu.

Hakupiga kelele. Alitoka nje kwenye ukungu, akaketi kwenye ngazi na kuwapigia polisi, kisha akakaa vilevile mpaka walipofika, simu ikiwa bado mkononi.

Inspekta Anastasia Wakesho aliwasili saa mbili na dakika thelathini na tano. Alikuwa mzaliwa wa Voi, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akichunguza mauaji jijini London. Alisubiri makabati yatenganishwe, kisha akapiga magoti.

Marehemu aliitwa Peris Kemunto. Alikuwa mkaguzi wa nyumba za kupanga wa halmashauri, umri wa miaka arobaini na minne. Alikuwa amebanwa kifuani akiwa ameinama, kana kwamba alikuwa akirudisha kitu kwenye rafu ya chini. Kadi yake ya kazi ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Miguuni pake palikuwa na boksi namba 417, lenye karatasi za jengo moja la ghorofa nne huko Kilburn. Daktari wa polisi alisema alikufa jana yake, kati ya saa kumi kasoro robo na saa kumi na nusu alasiri.

"Ajali?" Wakesho aliuliza.

"Gurudumu huzungushwa na mtu," daktari alijibu. "Na huyu mtu aliendelea kuzungusha."

Kwenye gurudumu palikuwa na alama za vidole vya Shenaz tu, za asubuhi ile. Kabla yake, mtu alikuwa amelipangusa likawa safi. Ndani ya kifuniko cha boksi palikuwa na orodha ya yaliyomo. Vyote vilikuwepo isipokuwa kimoja: ripoti ya ukaguzi ya mwezi Machi mwaka uliopita.

Shenaz alihojiwa katika chumba kidogo cha chai. Alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha Mombasa.

"Jana alikuja nani?"

"Mgeni mmoja tu, dada. Bwana Gires Mbuyi. Aliandikisha jina saa tisa na dakika kumi, akatoka saa kumi na dakika tano. Alikuwa na miadi ya kusoma faili lake katika chumba cha wageni."

"Faili lipi?"

Shenaz aliangalia chini. "La lile jengo la Kilburn lililoungua. Mtoto wake alifia mle."

"Ulikuwa unamwona muda wote?"

"Ila nilipokwenda kuswali alasiri. Nilikuwa nimechelewa. Saa tisa na dakika thelathini na nane hivi, mpaka saa kumi kasoro kumi. Hata huyu mama Peris sikumwona akiingia. Na saa kumi na moja nilipofunga, taa za huko ndani zilikuwa zimeshajizima zenyewe."

Mlango wa kuingia kwenye makabati ulikuwa lango la chuma la kuzunguka, linalopitisha mtu mmoja mmoja kwa kadi. Kutoka hakuhitaji kadi, na nyuma palikuwa na mlango wa kupakulia mizigo usioonekana kutoka mezani kwa Shenaz. Mashine ilionyesha kwamba kadi ya Peris ilitumika saa tisa na dakika arobaini na mbili. Ikatumika tena saa tisa na dakika arobaini na tatu.

Wakesho aliiandika ile mara ya pili na kuipigia mstari. Watu wawili walikuwa wameingia kwa kadi moja, na baadaye kadi ikakutwa shingoni mwa mwenyewe.

*

Gires Mbuyi alikamatwa saa nane mchana ule ule, katika chumba alichopanga Kilburn, mitaa miwili kutoka jengo lililoungua. Alikuwa mtu wa Bukavu, mhudumu wa wazee, na kwa miezi kumi na minane alikuwa na jambo moja tu maishani. Mnamo Mei mwaka uliopita moto ulizuka usiku kwenye ngazi za jengo lile. Mlango wa dharura ulikuwa umefungwa kwa komeo. Binti yake, Divine, mwenye miaka tisa, hakutoka.

Gires alikuwa amedai kumbukumbu za halmashauri kwa kutumia sheria ya haki ya kupata habari. Alitaka jina la mkaguzi aliyeliacha jengo likae na watu. Alijibiwa kwamba jina haliwezi kutolewa kwa sababu ya faragha ya mfanyakazi. Alikata rufaa mara mbili. Mwishowe alipewa ripoti yenye mistari minene ya wino mweusi. Usiku ule aliandika mtandaoni: Huyu mnayemficha ana damu ya mtoto wangu, na mimi nitamupata.

Wakesho aliyasoma maneno hayo kwa sauti.

"Niliandika," Gires alisema. "Sikatae. Lakini mama, haiko mimi."

"Jana ulikuwa ukuta mmoja na alipofia. Kwa dakika kumi hakuna aliyekuona."

"Nilikuwa nasoma. Nilisoma zile karatasi mara mbili, mara tatu. Walisema hapo nitaona kopi safi kuliko ile walinitumia. Ilikuwa ile ile tu." Alikohoa kwa muda mrefu, kikohozi kikavu cha mtu aliyevuta moshi. "Huyo mama aliitwa nani?"

"Peris Kemunto."

Alilirudia jina polepole, kama mtu anayejifunza neno geni. "Nimelitafuta mwaka na nusu. Na nyinyi munanipa leo."

Askari alimletea chai. Gires hakushika kikombe. Alikibana kati ya viganja viwili na kukiinua hivyo, vidole vyote vikiwa vimejikunja na kukakamaa, ngozi yake ikiwa nyororo na yenye kung'aa.

"Mikono imekuwaje?" Wakesho aliuliza.

"Komeo," Gires alisema. "Lilikuwa la chuma. Lilikuwa moto."

Wakesho aliagiza daktari aitazame mikono ile. Jibu lilikuja kabla ya magharibi: mtu huyu asingeweza kufunga vifungo vya shati bila msaada, sembuse kuzungusha gurudumu lile likiwa limekutana na mwili wa mtu. Wakesho aliamuru aachiwe.

*

Asubuhi ya Alhamisi, saa tatu kamili, Wakesho alikuwa Kenton, katika duka la vifaa vya ujenzi la Pritesh Vadgama, mwenye jengo la Kilburn. Pritesh alizaliwa Kisumu na kuletwa London akiwa na miaka kumi na minane. Naye alikuwa ameiandikia halmashauri mara mbili akidai jina la mkaguzi.

"Ulilitakia nini?"

"Wakili wangu alitaka, madam. Kesi inakuja, kila mtu ananiita muuaji. Nikasema, kama halmashauri ilikagua, basi na wao waje wasimame mahakamani." Alifuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Lakini juzi nilikuwa hapa. Kamera zote nne zinaonyesha. Chukua."

"Mkaguzi ulikutana naye?"

"Siku ile ya ukaguzi, ndiyo. Mama mkali sana. Jina hakuniambia, kadi alinionyesha haraka tu. Alivuta lile komeo, akasema, mzee, hili jengo litafungwa wiki hii. Nikaogopa kabisa."

Wakesho aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Alisema litafungwa?"

"Mbele ya mpangaji. Halafu wiki ikapita, mwezi ukapita, ikaja barua: jengo halina kasoro kubwa. Nikasema, basi, yameisha." Alikunja kitambaa. "Ningetoa lile komeo. Kazi ya dakika tano."

"Barua ilitoka kwa yule mama?"

"Hapana. Ofisi ya mkuu."

Kamera zilithibitisha. Jumanne, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili, Pritesh hakutoka dukani.

*

Mkuu wa ukaguzi, Linus Baraza, alimpokea saa nne na nusu katika makao makuu ya halmashauri. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na minane kutoka Kakamega, mwenye suti safi na sauti ya upole. Watumishi waliopita mlangoni walimwita Mzee. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Peris nilimfundisha kazi mimi mwenyewe," alisema. "Nilimwajiri alipokuwa ametoka kwa yule mume wake na taya limevunjika. Amehama nyumba mara mbili ili asipatikane. Ndiyo maana nilipigana jina lake lisitoke. Raia ana haki ya kujua serikali imefanya nini, sawa. Lakini hana haki ya kutukabidhi watu wetu kwa wauaji."

"Yeye mwenyewe alitaka lisitoke?"

"Mpaka siku ya mwisho alinisihi."

"Kwa nini alikwenda Thamesmead?"

"Sijui. Jumanne nilifanyia kazi nyumbani, Kenton, tangu saa nane. Mke wangu yuko Kenya." Aliondoa miwani, akajipangusa. "Ripoti ya kurasa tatu, Inspekta. Karatasi tu. Na sasa watu wawili wamekufa."

Wakesho alimshukuru, akashuka ghorofa mbili hadi kwa Sudha Raval, ofisa wa habari. Kila ombi la raia lilipitia kwenye meza ya Sudha, na kila mstari mweusi ulipaswa kutoka kwenye mkono wake. Alikulia Nairobi. Alikuwa mwanamke mwembamba, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa amelala.

"Niulize tu," alisema. "Mimi ndiye niliyemficha. Nilidhani namlinda."

"Kwa kawaida unaamuaje?"

"Kila ombi ni vita kati ya watu wawili ambao wote wana haki. Yule baba anataka kujua nani alikagua. Peris anataka mume wake wa zamani asijue anafanya kazi wapi. Nilifunika jina na sahihi, basi. Kazi yake yote niliiacha wazi, kwa sababu kazi ni ya umma."

Wakesho aliweka mezani nakala aliyokuwa ametumiwa Gires. Alionyesha kwa kalamu. "Hapa jina. Hapa sahihi. Na hapa chini, kwenye kila ukurasa?"

Sudha aliisogeza nakala karibu.

"Hiyo si yangu. Nakala ilinifikia kutoka ofisi ya mkuu ikiwa imeshafunikwa hapo chini. Niliuliza. Nikaambiwa ni namba ya utumishi ya mkaguzi." "Niliuliza mara moja tu."

"Nionyeshe ripoti nyingine yoyote aliyoandika Peris."

Sudha alifungua faili jingine kwenye kompyuta. Chini ya ukurasa hapakuwa na namba ya utumishi. Paliandikwa: Ukurasa wa 1 kati ya 4.



"Hii ya Kilburn ilikuwa na kurasa ngapi?" Wakesho aliuliza.

"Mimi niliona mbili. Kila mtu aliona mbili. Hakuna nyingine."

Wakesho alirudi nyuma kwenye daftari lake, mpaka kwenye maneno ya saa nne na nusu, akayasoma tena neno kwa neno. Kisha akaomba apewe chumba chenye simu. Aliwataka wenzake wakusanye picha za kamera za mabasi yote yaliyopita karibu na ghala la Thamesmead Jumanne, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja.

Saa sita mchana, alipokuwa bado kwenye simu, Sudha alikuja mlangoni. Mkononi alikuwa na bahasha ya kahawia, ya barua za ndani za ofisi, zile zinazozungushwa na gari kutoka jengo hadi jengo na kuchukua siku mbili kufika. Ilikuwa na mwandiko wa Peris.

*

Ijumaa, saa tatu na robo asubuhi, Wakesho aliingia ofisini kwa Linus Baraza akiwa na askari wawili. Sudha alikuwa ameitwa; alisimama karibu na dirisha, mikono imefumbatwa kifuani. Wakesho alimwambia Baraza kwamba hana lazima ya kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani.

"Jana kuna mambo mawili uliniambia," alianza. "La kwanza, kwamba Peris alikusihi mpaka siku ya mwisho jina lisitoke. Hii ni barua yake kwa Sudha, ya Jumanne mchana. Nisome?"

Wakesho akasoma.

"'Dada Sudha, naondoa pingamizi langu. Jina langu litolewe kwa Baba Divine. Anuani yangu isitoke, kwa sababu naishi na dada yangu Bridget na watoto wake. Lakini jina litolewe, pamoja na ukurasa wa tatu. Nimeambatanisha nakala yangu. Ile ya asili, yenye sahihi ya Mzee Baraza ya kupokea, iko Thamesmead, boksi 417. Baba Divine anakuja huko leo saa tisa. Nitakwenda nimpe mkononi. Nimechoka kujificha nyuma ya kitu ambacho sikukifanya.'"

Sudha aligeukia dirishani.

"Ukurasa wa tatu unasema hivi," Wakesho aliendelea. "'Mlango wa dharura umefungwa kwa komeo. Moto ukitokea watu hawatatoka. Napendekeza jengo lifungwe leo.' Ulipokea tarehe kumi na moja Machi. Moto ulikuwa Mei."

"Barua haionyeshi nani alimuua," Baraza alisema kwa sauti ndogo.

"Haionyeshi. Ndiyo maana kuna la pili. Uliniambia, ripoti ya kurasa tatu. Halmashauri nzima ilijua kurasa mbili. Sudha aliona mbili, Gires aliona mbili, na namba za chini zilikuwa zimefunikwa ndani ya ofisi hii. Aliyejua kwamba ziko tatu ni aliyeandika na aliyeuondoa ule wa tatu."

"Nilipokea ripoti. Bila shaka nilijua."

"Basi ulijua kwamba umempa baba wa mtoto aliyekufa ripoti iliyokatwa. Na sasa lango la Thamesmead. Linapitisha mtu mmoja kwa kadi. Kadi ya Peris ilitumika mara mbili ndani ya dakika moja. Mwanamke anayejificha kutoka kwa mume, anayebadilisha nyumba, hampi mgeni kadi yake. Aliyepewa ni mtu aliyemwambia kwamba ameisahau yake ofisini, naye hakuwa na sababu ya kumshuku. Ulikuwa mkuu wake." Wakesho aliweka picha mezani. "Jumanne, saa kumi na dakika thelathini na moja. Basi la Thamesmead. Huyu anayepanda ni wewe, wakati ule ule uliosema ulikuwa nyumbani Kenton."

Baraza aliitazama picha. Humo alikuwa amekumbatia mkoba kifuani, kama anavyoukumbatia mtu aliyenyeshewa mvua.

"Familia kumi na tisa," alisema mwishowe. "Sisi ndio tuliozipeleka mle. Ningelifunga ningezilaza wapi? Kila wiki wakubwa wangu waliniambia, Linus, usituletee familia nyingine hata moja. Nikasema nitalifunga majira ya joto, nikipata nafasi. Nikamwandikia yule mwenye jengo barua ili asiulize. Halafu moto ukatokea."

"Na Peris?"

"Alitaka kusema siku ile ile. Nikamwambia, ukisema, jina lako litakuwa magazetini, na mume wako anasoma magazeti. Alinyamaza. Kila alipotaka kusema nilimkumbusha mume." "Jumanne aliniambia anakwenda. Nikasema nitakusindikiza, tulizungumze njiani. Nilimsihi njia nzima. Kule ndani alitoa ripoti, akanipa niisome mwenyewe. Akasema, Mzee, tukampe pamoja, wewe ndiye umwambie, itakuwa vizuri ikitoka kwako. Halafu akainama kurudisha boksi."



"Yule baba alikuwa upande wa pili wa ukuta," Baraza alisema. "Nilimsikia akikohoa. Nilisema moyoni, nikifungua mlango huu nimekwisha. Gurudumu lilikuwa karibu na mkono wangu."

"Aliita?"

Baraza alifunika uso. "Aliita jina langu. Si kwa nguvu. Alidhani nimekosea."

"Ripoti iko wapi?"

"Niliichoma. Kwenye sinki, nyumbani."

Sudha alimgeukia. "Ulikuja mezani kwangu," alisema, "ukaniambia nimlinde."

Askari wakamsimamisha Baraza na kumpeleka nje kupitia ukumbi. Watumishi, bila kujua lolote, walimpisha njia wakisema, "Shikamoo, Mzee."

*

Wiki mbili baadaye Sudha alimtumia Gires ripoti yote, kurasa tatu, na jina la Peris Kemunto mahali pake. Alifunika jambo moja, anuani, na pembeni aliandika kwa mkono wake sababu ya kuifunika. Gires alimwomba jirani amfungulie bahasha. Alisoma ukurasa wa tatu akiwa amesimama, na alipofika kwenye komeo aliketi sakafuni.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, ibada ya kumuaga Peris ilifanyika katika kanisa dogo Kilburn, kabla jeneza halijasafirishwa kwenda Kisii. Wakesho alisimama nyuma. Alimwona Gires akiingia amechelewa, na koti alilovishwa na mtu, maana vifungo vilikuwa vimepishana. Alitafuta kiti cha mwisho kabisa.

Bridget, dada wa marehemu, alimwona pia. Alitoka mstari wa mbele, akamfuata mpaka nyuma.

"Samahani, baba. Wewe ni nani kwake?"

Gires alijaribu kusema, kikohozi kikamzuia. "Mimi baba ya Divine," alisema. "Nilimuandika vibaya dada yako. Nilimuita muuaji. Watu wengi walisoma."

Bridget alimtazama usoni, kisha mikononi.

"Najua," alisema. "Naye alisoma. Alikuwa anarudi kazini, anakaa jikoni, anasoma."

Gires aliinamisha kichwa, akageuka ili aondoke. Bridget alimshika mkono wa koti. Hakumwambia pole, wala hakumwambia amemsamehe. Alimwongoza katikati ya watu hadi mstari wa mbele, akamwondoa mtoto wake kwenye kiti na kumpakata, na Gires akaketi pale, mbele ya jeneza, mpaka ibada ikaisha.